Kusoma Vinasaba Si Kuujua Ugonjwa

Januari 2025, sampuli za wagonjwa kutoka Biharamulo zilipimwa kwenye maabara tembezi ya Kabaile, hapo hapo mkoani Kagera, kisha zikathibitishwa Dar es Salaam. Jibu lilikuwa Marburg, na tarehe 20 ya mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan akalitangazia taifa. Ilikuwa mara ya pili kwa mkoa huo, maana mwaka 2023 virusi hivyo hivyo vilizuka upande wa Bukoba. Ugonjwa ulipopata jina, kazi ikajulikana: kufuatilia waliokutana na wagonjwa, kuwatenga, kuhesabu siku. Tarehe 13 Machi mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha.

Sasa mfikirie mtoto wa kata ya Kirushya, wilaya jirani ya Ngara, mwenye mwaka na nusu. Shingo haijakaza, hakai bila kushikiliwa, na degedege linamrudia hata asipokuwa na homa. Mama ameshazunguka naye: zahanati, Hospitali ya Murgwanza, pengine mpaka Bugando kule Mwanza, safari ambayo hadi Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa ilikuwa na foleni ya kivuko ndani yake. Malaria hana. Maji ya uti wa mgongo yamepimwa, ni safi. Mwisho wa yote kwenye daftari la kliniki huandikwa "mtindio wa ubongo", na uchunguzi huishia hapo.

Kwa nini nchi inayoweza kuvitambua virusi ndani ya siku chache ishindwe kumpa jibu mtoto huyu? Tofauti ya kwanza ni ya ukubwa. Virusi vya Marburg vina herufi za kijenetiki zipatazo 19,000 tu, na mpimaji anajua anachokitafuta: kipo au hakipo. Jenomu ya binadamu, yaani vinasaba vyake vyote, ina herufi karibu bilioni 3.1, nasi tunabeba nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Hitilafu inayomfanya mtoto asikaze shingo inaweza kuwa herufi moja, popote, na hakuna aliyemwambia mpimaji aanzie wapi.

Wengi hudhani kikwazo ni mashine. Zamani ilikuwa hivyo. Mradi wa kimataifa wa kusoma jenomu ya kwanza ulianza 1990 ukamalizika 2003, na uligharimu karibu dola bilioni 3. Leo makampuni yanayotengeneza mashine hizo yanatangaza kwamba kemikali za kusoma jenomu ya mtu mmoja ni dola 200 au chini ya hapo. Bei hiyo ni ya maabara kubwa za Ulaya na Marekani zinazosoma maelfu kwa mkupuo. Kwetu ushuru, usafiri wa baridi na sampuli chache huipandisha. Hata hivyo mwelekeo uko wazi, na naamini tukiendelea kulilia mashine tutazipata kabla hatujajua la kufanya na majibu yake. Shida kubwa iko kwenye uchambuzi, yaani kazi inayofuata baada ya mashine kuzimwa.

Kazi yenyewe huenda hivi. Vinasaba hukatwakatwa, mashine ikavisoma kwa vipande vifupi vya herufi kama 150 kila kimoja, mamia ya mamilioni ya vipande. Programu huvipanga juu ya jenomu ya rejea, kila kimoja mahali panapofanana nacho, kisha huorodhesha kila sehemu ambapo herufi za mgonjwa zinatofautiana na za rejea. Kwa mtu yeyote mzima wa afya orodha hiyo huwa na tofauti kati ya milioni 4 na 5, na wenye asili ya Afrika ndio walio juu kabisa, kwa sababu binadamu wameishi barani humu muda mrefu kuliko kwingine kokote. Katika milioni hizo 5, anayechambua anatafuta tofauti moja au mbili zenye hatia.

Silaha yake ya kwanza ni uchache. Ugonjwa ukiwa nadra, tofauti inayousababisha haiwezi kuwa ya kawaida mitaani, kwa hiyo kila kilichoonekana kwa watu wengi wenye afya hutupwa. Ni mantiki safi, ilimradi umewahesabu watu wanaofanana na mgonjwa wako. Mjumbe wa nyumba kumi anayezijua nyumba tatu tu atawaona wengine wote kuwa wageni, na ndivyo kompyuta inavyomwona mtoto wa Ngara. Tofauti ambazo pengine kila mtu wa pili kijijini anazo huonekana kama maajabu kwa kuwa hazimo kwenye hifadhidata zilizojazwa watu wa Ulaya. Orodha ya washukiwa, ambayo kwa mtoto wa London ingebaki na majina machache, kwa wetu hubaki ndefu. Mwongozo wa madaktari wa jenetiki wa Marekani wa mwaka 2015, ambao maabara nyingi duniani huufuata, unaziweka tofauti kwenye madaraja matano, kuanzia "inasababisha ugonjwa" mpaka "haina madhara". Daraja la katikati ni lile la zisizojulikana maana yake, na ndilo linalojaa kwenye majibu ya Waafrika.

Na kuna hatari mbaya kuliko kukosa jibu, nayo ni kupewa jibu la uongo. Mwaka 2016 watafiti wa Harvard walionyesha kwenye jarida la New England Journal of Medicine kwamba baadhi ya tofauti zilizokuwa zimeandikwa kuwa chanzo cha ugonjwa wa kurithi wa kunenepa kwa misuli ya moyo ni za kawaida tu miongoni mwa Wamarekani weusi. Kuna waliokwisha kuambiwa wana vinasaba vya ugonjwa huo kwa sababu ya tofauti isiyo na kosa. Kama tafiti za mwanzo zingekuwa na hata watu weusi wachache tu upande wa wenye afya, kosa lingeonekana mapema.

Tumepiga hatua tangu tafiti hizo za mwanzo. Waluhya wa Webuye, Kenya, wamo kwenye mradi wa jenomu 1,000 uliopima tofauti za vinasaba vya binadamu duniani. Mwaka 2020 watafiti wa mpango wa H3Africa walichapisha katika Nature uchambuzi wa jenomu 426 za watu wa makabila 50 ya Afrika, wakakuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimewahi kuandikwa popote. Lakini kwa mtoto wa Ngara naona hazina iliyo karibu zaidi ni ile ya Kyamulibwa, kusini magharibi mwa Uganda. Watu 6,400 wa huko walichunguzwa vinasaba, karibu 2,000 kati yao jenomu nzima, na matokeo yakachapishwa 2019. Humo hawamo Waganda peke yao. Wamo Wanyarwanda na Warundi waliohamia. Wahangaza, wenyeji wa Ngara, wanasikilizana na Warundi bila mkalimani, na ndoa za kuvuka mpaka ni za tangu enzi za mababu. Maabara yoyote ya Tanzania inayochambua sampuli ya Kagera bila kuilinganisha na data ya Kyamulibwa inajinyima chombo kilichopo mlangoni.

Jenomu ya rejea nayo ina hadithi yake. Inayotumika hospitali nyingi mpaka leo ilijengwa kwa asilimia kama 70 kutokana na mtu mmoja aliyejitolea damu Buffalo, New York. Uchambuzi wa baadaye umeonyesha ana asili ya Afrika na ya Ulaya pia. Hata hivyo mtu mmoja ni mtu mmoja. Watafiti wa Johns Hopkins walipokusanya jenomu za watu 910 wenye asili ya Afrika, walikuta vipande vya vinasaba vyenye jumla ya herufi karibu milioni 300 visivyokuwamo kabisa kwenye rejea hiyo. Kipande kisichokuwamo hakina pa kupangwa, hivyo programu hukiweka kando au, vibaya zaidi, hukilazimisha mahali pasipo pake. Rejea mpya, isiyo na mapengo, ilikamilika 2022, na Mei 2023 ikaja rejea ya pamoja iliyojengwa kwa jenomu za watu 47, zaidi ya nusu yao wenye asili ya Afrika. Kuhamia huko kunahitaji programu mpya na watu waliofundishwa upya, ndiyo maana maabara nyingi bado zinasuasua.

Hapa nafika kwenye jambo ninaloona limepuuzwa kuliko yote. Uchambuzi wa kawaida umetengenezwa kuona herufi iliyobadilika. Hauoni vizuri herufi zisizokuwapo.

Chukua ualbino, jambo ambalo Kanda ya Ziwa inalijua kwa uchungu. Mei 2024 tu, kule Muleba, mtoto mwenye ualbino asiyefikisha hata miaka mitatu alichukuliwa kwa nguvu nyumbani kwao na kuuawa. Ualbino ulioenea zaidi Tanzania unatokana na jeni liitwalo OCA2, lililoko kwenye kromosomu ya 15. Mwaka 1995 uchunguzi wa wagonjwa wa Kitanzania ulionyesha kwamba hitilafu inayojirudia mara nyingi si herufi iliyokosewa. Ni kipande kizima cha herufi kama 2,700 kilichonyofolewa katikati ya jeni, na kipande hicho hicho hukosekana kwa watu wenye ualbino sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Ni hitilafu ya kale, iliyosafiri na watu.

Fungua faili la mtu mwenye nakala mbili za hitilafu hiyo kwenye programu ya kutazamia jenomu. Vipande vya herufi 150 vimelala kwa tabaka, thelathini juu ya kila herufi, mstari baada ya mstari wa kijivu. Unasogea kulia, vyote vinakatika ghafla. Kweupe. Hakuna kipande hata kimoja kwa herufi 2,700, kisha tabaka zinaanza tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Pembezoni mwa shimo kuna vipande vilivyochanika, nusu ya herufi zake ni za ukingo wa kushoto na nusu ni za ukingo wa kulia. Jicho la mtu linaliona shimo hilo mara moja. Lakini programu inayoorodhesha tofauti za herufi haina cha kuorodhesha, kwa sababu pasipo na herufi hapana tofauti, na ripoti hutoka safi. Kwa mbebaji, mwenye nakala moja nzima, ni vigumu hata kwa jicho: tabaka thelathini zinashuka kuwa kumi na tano, basi.

Dawa ya tatizo hili ipo na wala si ghali: programu zinazohesabu kina cha tabaka na kufuatilia vipande vilivyochanika, zikiendeshwa sambamba na zile za kawaida. Kwa OCA2 hata jenomu nzima haihitajiki. Kipimo cha PCR kinacholenga kingo za shimo hutoa jibu siku hiyo hiyo, na mashine za PCR Kagera si ngeni tena baada ya UVIKO na Marburg. Jibu lenyewe lina uzito nje ya maabara. Linaonyesha kwa ushahidi kwamba kila mzazi amechangia nakala moja, na kwamba baba anayemnyooshea mkewe kidole ni mbebaji sawasawa naye.

Talasemia ya aina ya alfa, ugonjwa wa kurithi wa damu, ni ndugu wa tatizo hilo. Aina iliyoenea Afrika Mashariki nayo ni kipande kilichonyofolewa, cha herufi 3,700, kati ya jeni mbili zinazofanana kama pacha. Kipande kifupi cha herufi 150 hakiwezi kusema kimetoka kwa pacha yupi. Hapo ndipo teknolojia ya kusoma vipande virefu, vya maelfu ya herufi kwa mkupuo, inapostahili fedha yake. Mashine moja ya aina hiyo hutoshea mkononi. Ilitumika Guinea mwaka 2015 kufuatilia Ebola. Kule Stanford, kubwa yake ilisoma jenomu ya mgonjwa kwa saa 5 na dakika 2. Kama ningekuwa nachagua mashine ya kupeleka Mwanza, ningechagua ya vipande virefu na kuvumilia makosa yake madogo madogo.

Lakini si kila ugonjwa wa kurithi unadai mashine hiyo, na kusahau hilo ni anasa. Selimundu ni mabadiliko ya herufi moja katika jeni la HBB, A kuwa T. Watafiti walipopima matone ya damu yaliyokaushwa ya watoto wadogo 17,200 wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, sampuli zilizokuwa zimeshakusanywa Bugando kwa ajili ya kupima VVU, walikuta kama mmoja kati ya watano ni mbebaji, na asilimia 1.2 wana ugonjwa wenyewe. Ni karatasi ile ile yenye viduara ambayo nesi hukandamizia kisigino cha mtoto, akaianika mbali na jua, akaitia kwenye mfuko wenye vipakiti vya kukausha unyevu. Kwa selimundu kipimo cha bei nafuu kinatosha, na dawa ya haidroksiyurea na chanjo vinaokoa maisha. Kumfanyia mtoto wa aina hii jenomu nzima ni kumchelewesha.

Hata hivyo selimundu inafundisha mahali ambapo jenomu inaleta faida. Mwaka 2011 Profesa Julie Makani na wenzake wa Muhimbili walichapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 1,000 wa Kitanzania, wakithibitisha kwamba tofauti kwenye jeni BCL11A zinachangia baadhi yao kubaki na himoglobini ya utotoni inayowapunguzia makali. Jeni hilo hilo ndilo linalolengwa na Casgevy, tiba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, bei yake Marekani ikiwa dola milioni 2.2. Msomaji ataifanya hesabu hiyo mwenyewe.

Nirudi kwa mtoto mwenye degedege, maana yeye ndiye wa jenomu. Uchambuzi wake hauanzi kwenye kompyuta. Unaanza kwa daktari au nesi anayeuliza na kuandika. Alilia alipozaliwa? Kama alilia vizuri, akanyonya, akawa anacheka miezi mitano kisha akaanza kurudi nyuma, "mtindio wa ubongo" si jibu la kuridhisha, kwani mtindio haumrudishi mtoto nyuma. Kichwa kinakua? Mikojo ina harufu ya ajabu? Wangapi walimtangulia, na wangapi walikufa wadogo? Mama wa Kirushya akiulizwa ana watoto wangapi hutaja walio hai. Ukitaka waliokufa uulize kwa upole na kwa utaratibu, na wale wawili waliokufa na degedege kabla ya kutembea ndio ushahidi mkubwa kuliko gigabaiti 100 za faili la jenomu. Programu za kisasa hupanga washukiwa kwa kulinganisha dalili zilizoandikwa na dalili za magonjwa maelfu yanayojulikana. Ukiziandikia "mtindio" peke yake zitarudisha kila kitu.

Kisha wazazi. Njia yenye nguvu kuliko zote ya kupunguza orodha ni kusoma watatu, mtoto na baba na mama. Kila mtoto huzaliwa na mabadiliko mapya kama 60 au 70 yasiyokuwamo kwa mzazi yeyote, na magonjwa mengi makali ya ubongo hutokana na moja kati ya hayo. Bila wazazi, huwezi kuyatenga na yale milioni 5. Lakini baba huenda yuko machimboni Kahama, au alibaki ng'ambo ya mpaka. Na akipatikana, kuna jambo lingine. Watanzania wengi wanaifahamu DNA kwa habari moja tu, ile ya kumtafuta baba halali kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Hofu hiyo ina msingi: usomaji wa watatu huonyesha bila kukusudia kama baba si mzazi. Tunayo Sheria ya Kudhibiti Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote mbili ni muhimu, ila hazimwambii daktari wa wilaya atamke nini siku hiyo. Nadhani fomu ya ridhaa iseme wazi, kabla damu haijatoka, kwamba maabara haitatoa taarifa ya uzazi kwa yeyote. Wataalamu wakiachiwa waamue baadaye, anayeumia ni mama.

Na akili unde? Inasaidia. DeepVariant ya Google, ya mwaka 2018, inapunguza makosa ya kusoma herufi. AlphaMissense ya 2023 ilitoa makadirio ya mabadiliko milioni 71 ya protini, ikayaweka asilimia 89 upande wa madhara au wa usalama. Lakini ilijifunza kwa kuhesabu kuwa salama yale yanayoonekana mara nyingi kwa watu, kwa hiyo tumerudi kwa mjumbe wa nyumba kumi. Wala haitazami vipande vilivyonyofolewa. Shimo la OCA2 hailioni.

Jambo la mwisho ni faili lenyewe. Jenomu isiyo na jibu leo huweza kulitoa baada ya miaka miwili bila tone jingine la damu, kwa kuwa jeni mpya zinazohusishwa na magonjwa hugunduliwa kila mwaka. Kwa hiyo faili litunzwe Tanzania, lichambuliwe upya kwa ratiba, na simu ya familia iandikwe, pamoja na ya jirani au mwenyekiti wa kitongoji, maana laini hubadilika.

Jibu hilo mara nyingi halileti dawa ya mtoto aliyepo. Linaleta jibu la swali ambalo mama huuliza akiwa ameshasimama kuondoka: nikizaa mwingine? Kama mtoto amerithi nakala mbovu mbili kutoka kwa wazazi wabebaji, hatari kwa mimba inayofuata ni moja kati ya nne, kila mimba. Kama ni badiliko jipya lililoanza kwake, hatari ni kama moja kati ya mia. Kilichobaki ni ukurasa mmoja wa Kiswahili kutoka maabara kwenda Murgwanza unaosema ni ipi kati ya hizo mbili, na imejulikanaje.